Difu ya Gari la Mbio: Lita Moja ya Oili Inayosahauliwa

Gari la mbio si kitu cha ajabu tena mjini Kampala. Zamani chombo cha namna hiyo kilionekana siku za mashindano tu, nacho kikapita na vumbi lake. Leo hii Subaru Impreza iliyotumika Japani, ikashushwa Mombasa na kupangwa katika mojawapo ya bondi za magari, yaweza kununuliwa na sajini aliyedunduliza mshahara wake miaka kadhaa, au na ndugu watatu waliochangishana. Gari likishaingia uani, jamaa wote huja kulitazama. Huulizana habari za injini, habari za turbo, na jinsi eksozi inavyounguruma. Mtu wa kuuliza habari za difu hupatikana kwa nadra, ijapokuwa difu ndiyo ibebayo nguvu zote hizo hadi barabarani.

Difu ya nyuma ni lile tumbo la chuma lililo baina ya magurudumu mawili ya nyuma. Nguvu ya injini huja kwa mtalimbo mrefu, ambao mafundi huuita propela, ikaingia katika gia ndogo iitwayo pinioni. Pinioni nayo huizungusha gia kubwa ya duara iitwayo krauni, na hapo nguvu hugeuzwa kuelekea kulia na kushoto. Kazi ya pili ya difu ni kuyaruhusu magurudumu hayo mawili yaende kwa kasi zisizolingana. Aliyewahi kusimama katika gwaride atalielewa jambo hili mara moja: safu ikigeuka, askari wa ukingo wa nje hupiga hatua ndefu, na yule wa ndani hukanyaga karibu papo hapo. Gari likipinda kona ni vivyo hivyo. Kama magurudumu yangefungwa pamoja kwa chuma kimoja, moja lingeburuzwa katika kila kona na tairi lake kuliwa upesi.

Meno ya pinioni na ya krauni hayasukumani tu kama meno ya gia za kawaida. Pinioni imewekwa chini kidogo ya kitovu cha krauni, na kwa hiyo meno hukutana kwa kuteleza huku yakigandamizana kwa nguvu nyingi. Oili nyepesi haiwezi kuvumilia mahali hapo. Hukamuliwa na kutoka, chuma kikabaki kinasaga chuma. Ndiyo maana oili ya difu hutiwa dawa zenye salfa na fosforasi, ambazo huunda utando mwembamba juu ya meno, na utando huo ndio unaoumia badala ya chuma. Harufu kali ya oili hiyo, ambayo wengine huifananisha na yai viza, hutokana na salfa hiyo.

Sasa yafaa kulinganisha. Injini ya Impreza huchukua zaidi ya lita 4 za oili. Ina pampu, ina chujio, ina taa nyekundu ya kumwonya dereva. Difu ya nyuma huchukua kiasi cha lita 0.8 katika aina ndogo na lita 1 hivi katika aina kubwa. Haina pampu, haina chujio, wala kwa kawaida haina taa. Chembe ya chuma ikimeguka humo, hubaki humo, ikizungushwa pamoja na oili na kupita tena na tena katika beringi. Chombo chenye nguvu za turbo, ambacho mwenyewe hupenda kukiondoa kwa kishindo kila taa za barabarani zikigeuka kijani, huitesa lita hiyo moja kuliko gari la kwendea sokoni.

Watu wa mashindano walilijua jambo hili tangu zamani. Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda mwaka 1945, alishinda mbio za East African Safari mwaka 1973 akiendesha Datsun 240Z, gari la mbio la magurudumu ya nyuma. Mbio hizo zilianzishwa mwaka 1953, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na sifa yake ilikuwa kuvunja magari. Mwaka ule wa 1973 Mehta na Harry Källström wa Sweden, aliyekuwa katika Datsun nyingine, walimaliza wakiwa na adhabu sawasawa, na Mehta akapewa ushindi kwa kuwa ndiye aliyekwenda mbali zaidi tangu mwanzo bila kupata adhabu. Katika mashindano ya namna hiyo, difu iliyoshika joto au iliyopoteza oili ingetosha kumnyima mtu kombe.

Jambo la kuvutia ni kwamba difu ya Datsun ile na ya Subaru za leo ni za ukoo mmoja. Mwaka 1968 Nissan, watengenezaji wa Datsun, walinunua hisa katika kampuni ya Fuji iliyokuwa ikitengeneza Subaru. Datsun 240Z nyingi zilizouzwa nchi za nje zilifungwa difu ya aina ya R180, yaani yenye krauni ya milimeta 180 kwa upana; na Impreza STI za miaka ya 2000 nazo zina R180. Kufanana huko ni kwingi kiasi kwamba wapenzi wa Datsun za zamani hutafuta difu za Subaru na kuzifunga katika magari yao. Na wapenzi wa mbio wa Uganda hawatasahau kwamba Charles Muhangi alitwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1999 kwa Subaru Impreza. Umaarufu wa gari hili katika mitaa ya Kampala haukuzuka hivi hivi.

Lakini gari la mashindano hupinduliwa na mafundi kila liingiapo kambini. Gari la mtu wa kawaida haliguswi mpaka lilie. Tangu sheria ya mwaka 2018, gari lililotimiza umri wa miaka 15 haliruhusiwi kuingizwa Uganda. Hata hivyo gari la miaka 10 au 12 laweza kuwa na oili ya difu ambayo haijawahi kumwagwa. Kuhusu mita ya kilometa, mnunuzi asiitegemee sana, maana mita hurudishwa nyuma na mikono isiyo na haya. Njia ya salama ni kumwaga oili ya difu mara tu baada ya kununua, hata kama muuzaji ataapa, kisha kuanza hesabu mpya. Baada ya hapo, kwa mwendo wa kawaida, kilometa 40,000 hadi 50,000 huwa ni kipimo cha kufaa. Kwa mwenye kukimbiza gari, kuvuta mizigo au kupita mara kwa mara katika barabara za murram, nusu ya hapo.

Tena kuna jambo la maji. Mvua kubwa ikinyesha Kampala, Bwaise hujaa, na hata karibu na Mnara wa Saa magari huonekana yakikata maji kama mitumbwi. Gari la mbio liko chini. Maji yanayofika magotini mwa mtu hufunika difu yake yote. Sasa difu iliyotoka katika mwendo huwa ya moto, na hewa iliyomo ndani imetanuka. Ikizamishwa ghafla katika maji ya baridi, hewa hiyo husinyaa na difu huvuta pumzi. Ikiwa kipumulio chake kimezibwa na matope, au sili zake zimechakaa, huvuta maji. Mwenye gari hatasikia lolote siku hiyo. Gari litakwenda kazini kesho yake na keshokutwa, huku oili iliyochanganyika na maji ikigeuka rangi ya chai ya maziwa na beringi zikianza kushika kutu. Kwa hiyo aliyepita katika mafuriko ya kufunika difu asingoje kilometa zitimie. Afungue kizibo juma lile lile na kutazama.

Difu ichokayo husema kwa sauti. Mlio mwembamba kama wa mluzi, unaobadilika dereva akanyagapo mafuta na aachiapo, huelekeza kwenye meno ya krauni na pinioni. Ngurumo ya mfululizo inayopanda pamoja na kasi aghalabu ni beringi, ingawa beringi za magurudumu na hata matairi yaliyolika vibaya huweza kudanganya sikio. Mwenye kusikia sauti hizo asijidanganye kwamba oili mpya itaponya meno yaliyokwisha kulika. Na mwenye kuzipuuza kabisa ajue hatari yake: difu iliyokauka oili huweza kukamata ghafla, na magurudumu ya nyuma yakigoma kuzunguka katika mwendo wa kilometa 100 kwa saa, katika barabara ya Masaka, dereva hana tena gari la kuongoza. Kina mama na watoto walio ndani hawakuchagua kwenda mbio.

Kazi yenyewe si ngumu, na askari aliyezoea kusafisha silaha yake ana nidhamu yote inayotakiwa. Kwanza, kitabu cha gari kisomwe, maana aina za difu ni nyingi. Kwa Impreza nyingi oili itakiwayo ni ya gia yenye daraja la GL-5 na uzito wa 75W-90. Inunuliwe katika duka linalojulikana, chupa ikiwa na kizibo ambacho hakijavunjwa lakiri. Huko Kisekka na Ndeeba wapo wauzaji waaminifu, na wapo pia wanaopima oili kutoka katika pipa lisilo na jina. Bei ya oili hiyo ya pipa hupendeza, lakini hakuna ajuaye ilitoka wapi.

Kisha gari liendeshwe robo saa ili oili ipate joto na kuinua uchafu uliotuama. Litafutwe mahali tambarare, jambo ambalo katika mji wa vilima kama Kampala huhitaji kufikiri, kwa kuwa gari likiinama, kipimo cha oili kitakuwa cha uongo. Shimo la gereji ndilo bora. Pasipo shimo, gari liinuliwe mbele na nyuma kwa usawa na kuwekwa juu ya stendi nne imara. Mtu asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, wala matofali yasitumiwe badala ya stendi. Tofali hupasuka bila kutoa taarifa.

Nyuma ya difu kuna vizibo viwili, cha juu cha kujazia na cha chini cha kumwagia. Hapa ndipo wengi hukosea. Kizibo cha juu ndicho kifunguliwe kwanza. Sababu yake ni nyepesi: kikiwa kimeshikwa na kutu na kukataa kufunguka, difu bado ina oili yake na gari laweza kuendeshwa hadi kwa fundi. Lakini aliyeanza kwa kumwaga, kisha akagundua kwamba hana pa kujazia, amejifunga mwenyewe uani. Katika Subaru nyingi vizibo hivi vina tundu la mraba linaloingia barabara mpini wa soketi wa nusu inchi, bila soketi yenyewe. Matope yakwanguliwe kwanza ili mpini uingie wote. Mpini ulioingia nusu huharibu tundu, na hapo kazi ya nusu saa hugeuka kazi ya siku nzima.

Oili ikingwe kwa karai, na hapo pana la kusoma. Rangi ya asali iliyokolea, hata nyeusi, si ajabu. Rangi ya maziwa ni maji. Kizibo cha chini aghalabu kina sumaku. Ikiwa juu yake pana ugwadu laini wa kijivu, kama masizi yaliyolowa, hiyo ni kawaida ya chuma kinachofanya kazi. Vipande vinavyoonekana kwa macho na kukwaruza baina ya vidole ni meno au beringi, na hapo yafaa fundi aitwe kabla ya senti moja kutumika kwa oili mpya. Sumaku ifutwe ing'are, kizibo kirudishwe na mpira au washa mpya ikiwa aina yake ina washa, kikazwe barabara bila kukanyagiwa kwa mguu.

Kujaza ndiko kuna usumbufu kidogo, kwa sababu tundu liko pembeni na chupa haisimami wima chini ya gari. Pampu ndogo ya mkono, au bomba la sindano kubwa lenye mpira mwembamba, hutosha. Oili itiwe polepole mpaka ianze kuchuruzika kutoka katika tundu la juu. Hapo difu imeshiba. Mchuruziko ukikoma, kizibo kirudishwe.

Yafaa sasa kuitaja difu ya mbele, maana ndiyo iliyowagharimu watu wengi. Impreza huvuta kwa magurudumu yote manne, na difu yake ya mbele imo ndani ya nyumba moja na giaboksi. Katika gari la gia za mkono, giaboksi na difu hiyo hushirikiana oili moja, zaidi kidogo ya lita 3 na nusu, nayo humwagwa pamoja. Katika Impreza za zamani za gia otomatiki mambo ni mengine: giaboksi ina oili yake nyekundu, na difu ya mbele ina oili yake ya gia, kiasi cha lita 1.2, yenye kijiti chake cha kupimia upande wa pili. Vizibo vya chini hukaribiana. Fundi asiyelijua gari hili hufungua kizibo cha difu akidhani amemwaga giaboksi, kisha huongeza oili nyekundu mahali pake. Matokeo yake giaboksi imevimbiwa na difu ya mbele haina hata tone. Gari litaondoka gereji vizuri, na litarudi likivutwa. Wapo pia waliomwaga giaboksi wakidhani ni injini. Dawa ni kutazama na kunusa kitokacho: chekundu ni cha giaboksi otomatiki, cheusi chepesi ni cha injini, kizito chenye harufu ya yai viza ni cha difu. Fundi wa kweli hakasiriki mwenye gari akisimama karibu na kutazama.

Baadhi ya STI zina difu ya kuzuia gurudumu moja lisizunguke bure lipatapo matope, yenye sahani ndogo zinazosuguana ndani. Difu ya sahani hutaka oili iliyoandikwa kwamba ni ya difu za namna hiyo. Ikipewa nyingine, hukoroma na kushtuka katika kona za polepole. Aina nyingine hazihitaji. Hili nalo ni la kitabu cha gari, si la kubahatisha. Na kwa kuwa magurudumu yote manne yamefungamana, matairi yawe ya kipimo kimoja na yaliyolika kwa usawa. Tairi moja jipya baina ya matatu yaliyokwisha huifanyisha kazi mitambo ya katikati usiku na mchana, na hakuna oili itakayoiokoa.

Oili hii ikiruka juu ya magwanda, nguo isikimbiziwe maji. Doa linyunyiziwe unga wa mahindi na kuachwa robo saa ili unga uifyonze, likung'utwe, kisha lisuguliwe sabuni ya kuoshea vyombo likiwa bado kavu. Ndipo yafuate maji ya moto. Nguo hiyo ifuliwe peke yake, la sivyo harufu itahamia katika sare za shule za watoto. Petroli isitumiwe kufutia doa karibu na jiko la mkaa.

Inabaki ile oili chafu iliyo katika karai. Desturi ya kuimwaga mtaroni ni mbaya kuliko inavyodhaniwa. Mitaro mingi ya Kampala huingia katika mfereji wa Nakivubo, na Nakivubo huishia Ziwa Victoria, katika ghuba ile ile ambayo mitambo ya Ggaba huvutia maji ya jiji. Aimwagaye asubuhi huko Katwe humpa kazi mtambo unaomsafishia maji ya chai ya jioni. Oili itiwe katika chupa zile zile zilizokuwa na oili mpya, zifungwe, ziandikwe, ziwekwe mbali na watoto, na kupelekwa katika gereji au kituo cha mafuta kinachokusanya oili iliyotumika. Isichanganywe na maji wala petroli, maana ikichanganywa haipokelewi.

Yule ashikaye hesabu za nyumba, ambaye mara nyingi si mwenye usukani, aandike katika daftari tarehe, kilometa, na aina ya oili iliyotiwa. Usiku huo karatasi safi ya boksi itandazwe chini ya difu. Asubuhi ikiwa kavu, gari liende zake. Ikiwa na tone, kizibo kiguswe kwa spana kabla mtu hajawasha injini.